Walikubali Kulipa, Wakakataa Kupimwa

Mwanzoni mwa mwaka 1945 wanaume wa Upare, Tanganyika, walianza kushuka milimani kuja Same. Walitoka Usangi na Ugweno upande wa kaskazini, walitoka Mbaga, Mamba na kwingineko upande wa kusini, wakafika penye makao ya mkuu wa wilaya wakakaa chini. Hawakushika silaha. Walikuwa maelfu, na walikaa kwa zamu: kundi moja likipanda kwenda kulima, jingine linateremka na chakula na mablanketi. Anayeijua Same anajua ilivyo. Ni kukavu, upepo wa vumbi unavuma kutwa, na maji ni ya shida. Mtu wa milimani, aliyezoea ukungu wa mlima Shengena na mfereji unaopita kando ya migomba yake, haji kulala pale miezi kwa jambo dogo.

Babu mzaa baba alikuwa miongoni mwao. Nilipokuwa shule ya msingi nilimuuliza kwa nini walikataa kodi, akanisahihisha papo hapo. "Mjukuu wangu, kodi tulikuwa tunalipa. Tulikataa kuchunguliwa." Nimefundisha hisabati katika sekondari za wilaya yetu mpaka nikastaafu, nimekuwa pia karani wa sensa, na kila ninaposikia leo watu wakijadili takwimu kubwa, taarifa binafsi na faragha, nauona mjadala ule ule wa wazee wetu. Ndiyo maana nauandika hapa, tangu chanzo chake.

Kodi iliyowashusha iliitwa mbiru, jina lililochukuliwa kwenye ushuru wa kale ambao watu waliupeleka kwa watawala wao kabla ya kuja Wazungu. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza wakaiendeleza kwa sheria yao ya mwaka 1922, kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Zilikuwa mzigo, na ziliwasukuma vijana wengi kwenda mashamba ya mkonge kutafuta shilingi za kulipia. Lakini kilichohesabiwa kilionekana kwa nje. Nyumba ni nyumba, kichwa ni kichwa. Karani alisimama uani, akahesabu, akaandika, akaenda zake bila kuuliza kilichomo ndani.

Miaka ya Vita Kuu ya Pili, baraza la machifu tisa wa Upare, likishauriana na maofisa wa Kiingereza, liliamua kwamba juu ya kodi ya kawaida kila mtu alipe nyongeza kulingana na uwezo wake. Mwenye nacho alipe zaidi, asiye nacho alipe kidogo. Kwa maneno hayo peke yake sioni ubaya, na hata leo naamini ndiyo haki. Lakini ili kodi ya namna hiyo itozwe, lazima mtu apimwe, na hapo ndipo jambo lilipoharibika.

Wapimaji walikuwa watu wa chifu, yaani majirani. Walipita kijijini wakikadiria mali ya kila mmoja: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, kahawa kiasi gani, shamba la tambarare lina ukubwa gani, kijana anayefanya kazi mjini analeta kitu gani nyumbani. Babu alikuwa na ng'ombe waliolala katika zizi lake, na wachache tu kati yao walikuwa wake. Wengine walikuwa wa shemeji yake, amemwekea awalishe na anywe maziwa. Wengine walikuwa mahari ambayo haijakamilika, na jambo la mahari halitangazwi mpaka wazee wa pande mbili wamekubaliana. Naye pia alikuwa na wanyama wake katika mazizi ya watu wengine, bondeni, na sababu zake alizijua mwenyewe. Kumhesabia ng'ombe wote waliosimama pale ni kumtoza mali ya watu. Kumtaka aeleze yupi ni wa nani ni kumlazimisha amwage hadharani mambo ya shemeji yake, ya mwanawe na ya ukoo mwingine mzima. Alikaa kimya, na wapimaji wakaandika walichoona wao.

Hivyo taarifa iliyochukuliwa kwa nguvu ilikuwa na kasoro mbili kwa mpigo: ilimvunjia mtu heshima, na ilikuwa ya uongo. Nimeliona jambo hilo tena na tena katika kazi ya takwimu. Anayeogopa kwamba jibu lake litamrudia hujibu nusu, au hujibu kinachompendeza anayeuliza, na hesabu zote zinazojengwa juu ya majibu hayo zinapinda. Faragha inamlinda anayejibu, na inailinda hesabu yenyewe.

Kilichowauma zaidi wazee kilikuwa hiki: mtu alitajiwa kiwango chake bila kuonyeshwa kilivyopatikana. Kwa nini mimi nimewekwa daraja hili na fulani, ambaye ana shamba kubwa kuliko langu, yuko chini yangu? Hakukuwa na jibu. Hakukuwa na kanuni iliyobandikwa barazani ambayo mtu angeweza kujipimia mwenyewe akaona kama ameonewa. Profesa Isaria Kimambo, aliyekuwa mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mtoto wa milima hii, alichapisha mwaka 1971 kitabu kidogo juu ya mbiru, na anayekisoma ataona kwamba waandamanaji hawakuja Same kusema hawalipi. Walisema wako tayari kulipa kodi iliyo sawa kwa wote. Walichokataa ni kipimo.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Ofisa wa serikali alipopanda Usangi wakati wanaume wako Same, wanawake walimzingira kwa mamia. Wakamwambia achague: ama alimalize jambo la kodi waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awape mimba, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaondolea waume. Jean O'Barr, Mmarekani aliyechunguza siasa za wanawake wa Upare, aliliandika tukio hilo. Baadaye wanawake waliteremka na wao, wakatembea kutoka Usangi mpaka Same kuungana na wanaume. Mtu asiyejua adabu ya Kipare hawezi kuelewa uzito wa maneno yale kutoka kinywani mwa mama mwenye wajukuu. Waliyatamka kwa sababu kodi ilikuwa imeingia ndani ya nyumba, na wao ndio wenye nyumba.

Serikali iliwahamisha baadhi ya viongozi mbali na wilaya, akiwemo Paulo Mashambo wa Mamba, ambaye jina lake bado linatajwa kwa heshima. Haikusaidia. Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa, kodi ikarudi kuwa ya kiwango kimoja. Katika miaka hiyo hiyo kukazaliwa chama cha Wapare Union, na watu wa milima hii wakaingia katika siasa za kudai uhuru wakiwa wamekwisha kujifunza kushika msimamo pamoja.

Lakini lazima tukubali na upande wa pili wa ushindi ule. Kodi ya kiwango kimoja ilimfanya mkulima maskini wa Vunta atozwe sawa na mwenye duka na kahawa. Kukataa kupimwa kuliwapa watu amani, na pia kuliwanyima maskini nafuu waliyostahili. Nchi isiyojua nani ana nini, nani anaumwa nini, watoto wangapi wamezaliwa, haiwezi kugawa zahanati, walimu wala maji kwa haki. Tukisema taarifa zisikusanywe kabisa, wa kwanza kuumia ni yule asiye na mtu wa kumsemea.

Basi kosa la mbiru lilikuwa wapi? Nimelifikiria kwa miaka, na jibu langu ni moja. Mbiru ilimweka mtu wazi ikakificha kipimo. Mali ya mtu ilijulikana barazani, na kanuni ya kumkadiria ilibaki mfukoni mwa wakubwa. Mpangilio wa haki ni kinyume chake: kipimo kiwe wazi kwa kila mtu, na mtu mwenyewe asitiriwe. Historia yote iliyofuata ya kuhesabiana katika nchi yetu naisoma kwa kigezo hicho.

Agosti 1948, muda mfupi baada ya mbiru kufa, ikaja sensa ya kwanza ya kuhesabu watu kwa utaratibu mmoja katika nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Tanganyika ikaonekana ina watu wapatao milioni 7 na nusu. Hiyo ilikuwa taarifa ya namna nyingine. Aliyeisoma ripoti hakumkuta Mpare yeyote humo. Alikuta idadi ya Wapare. Katikati ya miaka ya 1950 watu wa Same na bonde la mashariki, mpaka Taveta upande wa Kenya, wakaingizwa katika mradi mkubwa wa malaria ulioendeshwa na taasisi ya utafiti iliyokuwa Amani, Usambara. Nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin kati ya 1955 na 1959, watoto wakatobolewa vidole, damu ikapakwa kwenye vioo, vizazi na vifo vikaandikwa. Mbu aina ya funestus, msambazaji mkubwa wa malaria, karibu atoweke kabisa, na baada ya upuliziaji kukoma ikachukua miaka kabla ya hali kurudi ilivyokuwa. Matokeo yale yamesomwa na madaktari wa nchi nyingi. Wanachokiona ni asilimia za watoto wenye vimelea katika eneo fulani na mwaka fulani. Mtoto yule wa Kisiwani aliyelia alipotobolewa hayumo, wala mama yake.

Taifa huru nalo lilifanya uamuzi mmoja ambao nauhesabu kuwa wa busara kubwa. Sensa ya 1967 iliuliza kabila. Tangu ile ya 1978, swali hilo halijaulizwa tena. Jirani zetu wa Rwanda walibebeshwa na Wabelgiji, miaka ya 1930, vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mwaka 1994 neno moja kwenye karatasi hiyo lilimtosha mtu kuuawa kizuizini. Taarifa isiyokusanywa haiwezi kuibiwa, haiwezi kuvuja, wala haiwezi kugeuzwa silaha na serikali ambayo bado haijazaliwa. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na haihitaji kompyuta yoyote.

Kinga ya pili ni mtu anayeuliza. Karani wa sensa wa Tanzania anakula kiapo cha kutunza siri, na kukivunja ni kosa la jinai. Nitaeleza kisa kimoja, bila kutaja mwaka wala kitongoji, kwa sababu kiapo changu hakina mwisho. Nilifika katika kaya moja milimani nikiongozana na kiongozi wa kitongoji, kama ulivyo utaratibu, maana yeye ndiye anayezijua nyumba. Tuliketi uani. Dodoso lilitaka kila mwanamke aulizwe amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki. Mke wa mtoto wa nyumba ile, binti mdogo tu, alinitazama, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa anachambua maharage, kisha akainamisha macho. Nikafunga kitabu. Nikamwambia kiongozi, "Mzee wangu, nisubiri pale chini kwenye migomba." Nikamgeukia mama mkwe: "Mama, samahani, sheria inataka niongee na kila mmoja peke yake, hata wewe nitakuuliza peke yako." Mama alinyanyuka na ungo wake, hakukasirika. Binti akajibu kwa sauti ndogo, nikaandika nilichoambiwa. Jibu lile lilikuwa tofauti na ambalo lingetolewa mbele za watu, na ndilo la kweli, na limo katika jumla ya taifa mpaka leo. Hakuna atakayelipata ndani ya jumla hiyo.

Au ndivyo tulivyodhani zamani, kwamba ukishaondoa majina kazi imekwisha. Haijaisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 269,807 katika Wilaya ya Same. Katika idadi hiyo mtu mmoja anapotea. Lakini ikate wilaya kwa kata, kata kwa vijiji, kijiji kwa umri, jinsia, kazi na ulemavu, na utafika mahali ambapo kisanduku kina mtu mmoja tu. Mwanamke, miaka 34, mwalimu, mjane, kijiji fulani huku juu: kila anayepanda gari la asubuhi kwenda Same anamjua. Sensa hiyo hiyo ya 2012 iliuliza kuhusu ualbino, na ilikuwa sahihi kuuliza, kwa kuwa ndugu zetu wanahitaji kofia, mafuta ya kinga ya jua na matibabu ya ngozi. Lakini kumbukeni hizo zilikuwa zama gani. Watu wenye ualbino walikuwa wanawindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao. Jedwali linaloonyesha kwamba kijiji fulani kina mmoja wao, mtoto, wa kike, lingekuwa ramani mkononi mwa muuaji. Kwa hiyo idadi hizo hutolewa kwa eneo kubwa, na ni lazima iwe hivyo daima.

Mwaka 1997, huko Marekani, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta aitwaye Latanya Sweeney aliionyesha dunia udhaifu huo. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limewapa watafiti rekodi za hospitali za wafanyakazi wake, majina yakiwa yamefutwa, na Gavana William Weld aliwahakikishia watu kwamba wako salama. Sweeney akanunua kwa dola 20 daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikoishi Gavana. Watu sita tu mjini humo walizaliwa siku moja na Gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu alikuwa na msimbo wake wa posta. Sweeney akamtumia Gavana rekodi zake za matibabu ofisini. Hakuna lililoibiwa, madaftari mawili halali yalikutanishwa, na mtu akajitokeza.

Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakitafuta njia ya kutoa jumla ya kweli bila kumtoa mtu, na njia nzuri kuliko zote niliwahi kuifundisha kidato cha tatu kwa sarafu ya shilingi 200. Mzizi wake ni wazo lililoandikwa na Stanley Warner mwaka 1965, la kuiachia bahati nasibu iingie katika jibu. Sarafu ile ina Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Uliza darasa jambo ambalo hakuna atakayelikiri kwa mkono: nani amewahi kuibia mtihani? Kila mmoja anarusha sarafu yake kwa siri. Akipata Karume, anajibu ukweli. Akipata simba, anarusha tena, na safari hii anajibu kile sarafu inachosema: Karume "ndiyo", simba "hapana". Kisha wote wanajibu kwa sauti.

Mwanafunzi anayesema "ndiyo" hawezi kushtakiwa na mtu. Pengine ameibia, pengine ni simba kisha Karume. Lakini mwalimu anayejua hesabu anapata anachotaka. Tuseme shule nzima ni wanafunzi 400. Kwa wastani 200 watasema ukweli, 100 watasema "ndiyo" kwa amri ya sarafu, na 100 watasema "hapana" kwa amri ya sarafu. Zikisikika "ndiyo" 160, toa zile 100 za sarafu, zinabaki 60 kati ya wasema kweli 200. Takriban asilimia 30 ya shule imeibia mtihani. Umeijua shule bila kumjua mtoto hata mmoja. Darasa langu lilipoelewa, msichana mmoja wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, nini kitazuia wasiojua hesabu wasidanganywe?" Nikamjibu kwamba ndiyo sababu kanuni inaandikwa ubaoni kabla ya sarafu ya kwanza kurushwa.

Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake watatu waliliinua wazo hilo likawa nadharia kamili. Walionyesha jinsi ya kupima kwa namba ni kiasi gani cha siri ya mtu kinaweza kupotea kila jumla moja inapotolewa, na kiasi gani cha bahati nasibu kiongezwe ili isipotee kupita mpaka uliowekwa. Sensa ya Marekani ya 2020 ilitumia njia hiyo. Hasara ipo, nayo isifichwe: kadiri eneo linavyokuwa dogo ndivyo namba inavyoyumba, na kitongoji chenye kaya ishirini kinaweza kupata idadi isiyomfaa mpangaji wa kisima. Panahitajika uamuzi wa watu, si wa mashine, kuhusu wapi usahihi uzidi na wapi sitara izidi. Lakini angalieni mpangilio wake: kanuni inachapishwa dunia nzima iisome, na mtu amefichwa. Ni mbiru iliyopinduliwa. Hata Ujerumani, iliyotutoza kodi ya kwanza ya kikoloni, ilipita njia ya wazee wetu. Wananchi wake waliipinga sensa ya 1983, na Desemba 15 mwaka huo Mahakama yao ya Katiba ikaamua kwamba mtu ana haki ya kujua na kuamua taarifa zake zinatumiwaje. Sensa ikafanyika mwaka 1987, baada ya kurekebishwa.

Kwetu, upimaji wa mali ya mtu umerudi kwa sura ya huruma. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2012, unataka kujua nani ni maskini kuliko wengine, kama mbiru ilivyotaka kujua nani ana uwezo kuliko wengine. Majina hutajwa kwanza na mkutano wa kijiji, dodoso hujazwa kuhusu nyumba, mali na watu wa kaya, kompyuta hukokotoa, orodha hurudi mkutanoni kuthibitishwa. Mpango huu umewalisha na kuwasomesha watoto wengi, na kusoma orodha hadharani kuna faida yake: mtoto wa mwenyekiti akijipenyeza, kijiji kinamwona. Lakini kusimama mbele ya majirani ukiitwa maskini kuna gharama, na wako wazee wetu wanaoona afadhali njaa. Huku mtu anatajwa kwa jina, na kanuni iliyomchagua hakuna mwanakijiji anayeweza kuieleza. Naiona mizani ikielemea kule kule ilikoelemea mwaka 1945. Kanuni ndiyo ingesomwa mkutanoni kwa Kiswahili rahisi, kila mtu ajue kinachohesabiwa, na orodha ikakaguliwa na wachache walioapa.

Na sasa kila mmoja wetu anabeba mpimaji mfukoni. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ukomo wake ulikuwa Januari 2020, namba ya simu imefungwa na mtu wake. Kampuni za mikopo ya mtandaoni husoma miamala na orodha ya watu unaowasiliana nao, kisha zinakutajia kiwango cha mkopo bila kueleza kilivyopatikana. Akichelewa mkopaji, wapo wanaowatumia ndugu, mchungaji na mwajiri wake ujumbe wa kumdhalilisha. Jirani yangu mmoja alijulikana deni lake kanisani kabla mumewe hajalijua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa ya mikopo yasiyo na leseni na kuyapiga marufuku, hatua njema.

Sheria tunazo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya heshima na hifadhi ya nafsi yake, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo kazini. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililotajwa, zisizidi mahitaji, zisitumiwe kwa kusudi jingine, na mwenyewe aweze kuziona na kuzirekebisha. Kenya, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma ulikuwa batili kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara kwa faragha ya watu. Jaji alimuuliza mpimaji kipimo chake kiko wapi.

Swali hilo halihitaji jaji. Kila mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka ya kuliuliza. Akija mtu na kishikwambi, awe wa serikali, wa shirika au wa chuo kikuu, asimame kwanza aeleze: anauliza nini na kwa nini kila swali, majibu yatachanganywa na taarifa gani nyingine, nani ataona jibu la mtu mmoja, litafutwa lini, na kama matokeo yatatolewa kwa kijiji, kata au wilaya. Akishindwa kujibu, kijiji kimwambie aende akajiandae. Akijibu vizuri, tumfungulie milango na tumwambie ukweli wote, kwa sababu shule, dawa na maji vinajengwa juu ya ukweli huo. Wazee wetu walitupa kielelezo cha kukataa. Sisi, tulio na sheria na hesabu ambazo wao hawakuwa nazo, tunaweza kufanya kilichowashinda wao: kukubali kuhesabiwa, kwa masharti yetu.